Sufuria Ndogo Ilibaki kwa Nani?

Nimeisoma tena Kichwamaji ya Euphrase Kezilahabi, na safari hii nimeisoma kwa hasira. Si hasira ya kutoipenda. Tangu ilipotoka mwaka 1974, riwaya ile imebaki miongoni mwa vitabu vichache vya Kiswahili vinavyokuacha umelala chali unatazama dari, na hapo sitaki ubishi. Hasira yangu ni kwa ajili ya watoto. Mnakumbuka kwamba mle ndani kuna watoto wanaozaliwa na vichwa vikubwa. Maradhi yao yanahusishwa na mambo ya wazazi wao, na Kazimoto, msimulizi wetu msomi, anaishia kujiua. Wahakiki wameandika sana juu ya Kazimoto: upweke wake, elimu iliyomtenga na kwao, swali lake kama maisha yana maana. Wale watoto wanatajwa kwa haraka, kwamba ni ishara.

Ishara ya nini, kila mhakiki ana yake. Mimi nina swali dogo tu. Kuna mtu yeyote kwenye riwaya ile anayemtania mtoto yule?

Nauliza kwa sababu mwaka jana nilikaa wodini majuma matatu na mtoto mchanga aliyepasuliwa, na kitanda cha jirani kulikuwa na mtoto wa aina hiyo hiyo ya Kezilahabi, wa kichwa kikubwa, akisubiri kuwekewa mpira mwembamba wa kupitisha maji kutoka kichwani kwenda tumboni. Hakuwa ishara ya kitu chochote. Alikuwa na tabia moja: kila daktari akimsogelea, anapiga chafya. Mama yake alikuwa anasema mwanangu huyu ana mzio wa wasomi. Ningempa Kazimoto sentensi hiyo aisome.

Sasa niseme kilichotufikisha pale, kwa ufupi, maana hii si makala ya tiba. Mwanangu alizaliwa Nachingwea, kwa baba yake, na alizaliwa bila njia ya haja kubwa. Hutokea, kwa makadirio kama mtoto mmoja katika kila watoto 5,000. Kwa watoto wengi wa aina hiyo wapasuaji hutoboa kwanza njia tumboni, ubavuni mwa kitovu, utumbo utolee hapo. Mtoto akishapata nguvu, baada ya miezi, hutengenezewa njia yake ya kudumu, kisha ile ya tumboni hufungwa. Kwa hiyo ni upasuaji mara tatu. Tulipewa rufaa, tukasafiri siku ile ile, mtoto tumbo limejaa kama ngoma. Bibi yangu mzaa mama akatoka kwao Ruangwa na fuko la ufuta na kanga mbili, akaja kuniuguzia. Ni Mmwera wa kweli kweli, hajui kusoma, ana miaka sabini na kitu, na ndiye mwandishi ninayetaka kumhakiki leo.

Alipofika alimtazama mtoto aliyejaa mipira, wa puani mmoja, wa dripu mmoja. Akasema: "Huyu ndiye mume wangu? Mbona mmemfunga kama mbuzi wa mnadani?" Halafu akanigeukia mimi, akapiga goti: "Shikamoo, mama mkwe."

Wote tunaujua utani wa bibi na mjukuu. Bibi humwita mjukuu wa kiume mume, na mjukuu wa kike mke mwenza. Tumekua nao, hatuuoni. Lakini angalia hesabu yake pale wodini. Kwa kumwita mtoto yule mume wake, amenipandisha cheo mimi, mjukuu wake mwenyewe, nimekuwa mkwe wa kuamkiwa. Sijaoga siku mbili, macho yamevimba, na bibi kizee ananiamkia shikamoo kwa heshima zote za ukweni. Nilicheka mpaka nesi akageuka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu nijifungue.

Baada ya upasuaji kila kitu kilisimama kwenye jambo moja, na jambo lenyewe ni mavi. Samahani kwa wasomaji wa meza za chakula, lakini sina neno jingine la ukweli. Mtoto haruhusiwi kunyonya mpaka utumbo uanze kazi, na utumbo hauna njia ya kutoa taarifa isipokuwa hiyo. Daktari akipita raundi anauliza, ameshapata choo? Hata hewa? Asubuhi, jioni, usiku. Maziwa yananiuma kifuani, mtoto analia njaa, na wodi nzima ya wanawake inasubiri ushuzi wa mtu wa kilo mbili na nusu.

Lugha yetu imelielewa hili zamani kuliko vitabu vyetu. Fungua mkusanyo wowote mzuri wa methali za pwani utakuta wazee wakisema mavi ya kale hayanuki, au wakikuuliza mavi usiyoyala wayawingiani kuku. Waliyatumia kufikiria: kumbukumbu, wivu, mipaka ya kuingilia mambo ya watu. Riwaya na tamthilia tulizosomeshwa sekondari zimeoga mno. Wagonjwa wake hukohoa, hutoka damu, hukata roho kwa maneno marefu. Hakuna anayesubiri choo. Nafundisha Kiswahili, nimezisahihisha insha za mamia ya watoto wa Ruangwa juu ya vitabu hivyo, na wote wanaandika kwamba mwandishi ametumia ugonjwa kuonyesha fulani. Wamefunzwa hivyo, na mimi ni mmoja wa waliowafunza, kwa mujibu wa mtaala.

Usiku wa pili, bado hakuna kitu. Bibi akamwinamia mtoto akamwambia, kwa sauti ya kusikika hadi kitanda cha mlangoni: "Mume wangu, kweli wewe ni wa Nachingwea. Mashine nyingi, wazungu wengi, hakitoki kitu."

Wasiotoka kusini wanahitaji maelezo hapa. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mradi mkubwa wa karanga Tanganyika, ili kupata mafuta ya kula baada ya vita. Sehemu zilikuwa tatu: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Yaliletwa matrekta, hata vifaru vya vita vilivyogeuzwa kuwa mashine za kung'oa miti, ikajengwa bandari Mtwara na reli ya kuja hadi Nachingwea. Kufikia 1951 mradi ulikuwa umekufa, na zaidi ya paundi milioni 36 zimekwenda. Karanga hazikutosha hata kuipa reli kazi. Nayo ikang'olewa miaka ya sitini. Watu wa Ruangwa hawajawahi kuwasamehe Nachingwea kichekesho hicho, na Nachingwea nao wana vyao vya kuwarushia Ruangwa, sitavitoa hapa.

Sasa soma tena ile sentensi ya bibi kama unavyosoma mstari wa kitabu. "Mashine nyingi" ni dripu na mipira. "Wazungu" ni madaktari, ambao wote walikuwa weusi kama sisi, mmoja kutoka Newala. "Hakitoki kitu" haihitaji fasiri. Kwa maneno yasiyofika kumi na tano amechukua fedheha ya dola kubwa akaiweka kwenye utumbo wa kitukuu wake, na zaidi ya hapo amempa mtoto kabila, wilaya, historia na kasoro ya kurithi upande wa baba. Mtoto wa siku tano tayari ana kwao. Kezilahabi, pamoja na ukubwa wake wote, anawarithisha watoto wake ugonjwa. Bibi alimrithisha huyu aibu ya karanga, ambayo mtu anaweza kuishi nayo.

Utani umeandikiwa na wataalamu wengi. A. R. Radcliffe-Brown aliandika makala yake mashuhuri mwaka 1940, akieleza kwamba ni uhusiano ambamo mtu anaruhusiwa, na mara nyingine analazimika, kumtania mwenzake, naye mwenzake hatakiwi kukasirika. Mwaka uliofuata R. E. Moreau akachapisha makala juu ya utani wa Tanganyika hasa. Moreau alikuwa mtaalamu wa ndege pale Amani, Usambara, jambo linalonifurahisha: aliyezoea kusikiliza milio porini ndiye aliyesimama kusikiliza watu wakitukanana kwa heshima. Wengine wakafuata na tafiti za Waluguru, Wakaguru na wengineo. Karibu wote wanaushika utani kama jambo la pande mbili: mimi nakurushia, wewe unanirudishia, na hapo amani inapatikana.

Lakini kichanga harudishi. Hapo ndipo naona nadharia inapungukiwa, na wodi ile ilinipa jibu ambalo sijalikuta kwenye makala hizo. Utani kwa asiyeweza kujibu unageuka deni. Bibi alikuwa akimaliza kumtania anamwambia, haya, ukikua utanijibu. Au, zamu yako itafika, na mimi sitakuwepo, utamjibu nani? Mama mmoja Mngoni wa Songea, mwenye mtoto aliyezaliwa na utumbo nje, alipojua sisi ni Wamwera akajitangaza mtani hapo hapo, kwa zile habari za wazee za vita vya Wangoni, akaanza kumdai mwanangu kodi ya ardhi. Eti amelala kwenye eneo lililotekwa. Alimwandikia kwenye boksi la glavu: jogoo mmoja, kulipwa akifika darasa la saba.

Darasa la saba! Daktari alikuwa anazungumza na sisi kwa saa ishirini na nne, akijitahidi asitudanganye. Mimi nilikuwa nahesabu mpaka raundi ya jioni. Mngoni ndiye peke yake aliyetaja darasa la saba, na alilitaja kama mtu anayedai chake. Huwezi kumdai maiti mtarajiwa. Faraja zote nilizoletewa siku zile, Mungu anajua, vumilia, ni mtihani, zilikuwa zinamzungumzia mtoto kama mtu anayeondoka. Madeni yalimzungumzia kama mtu anayekimbia kulipa. Huo ndio uhakiki wangu wote wa utani, na nitausimamia mbele ya profesa yeyote.

Ufuta ulikuja alfajiri ya siku ya tatu. Naita ufuta kwa sababu bibi ndiye aliyeita hivyo: cheusi, kidogo, kimetoka kwenye tundu la tumbo. Akapiga vigelegele. Wanawake kumi na wawili wakaitikia, saa kumi na moja alfajiri, muuguzi wa zamu akaja mbio akidhani kuna msiba. Sijawahi kusoma popote mavi yakipigiwa vigelegele. Yanastahili utenzi.

Hapo ningeweza kuishia, lakini kuna hadithi, na hadithi ndiyo iliyonifanya niandike.

Mnaijua ile ya Abunuwasi na sufuria. Abunuwasi, ambaye kabla ya kuwa mjanja wa ngano zetu alikuwa mshairi wa kweli wa Baghdad, zama za Harun al-Rashid. Waturuki kisa hicho hicho humpa Nasreddin. Anaazima sufuria kubwa kwa jirani. Anairudisha na sufuria ndogo ndani yake. Hii nini? Sufuria yako ilikuwa na mimba, imezaa. Jirani, kwa tamaa, anapokea zote mbili bila swali. Siku nyingine Abunuwasi anaazima tena, na safari hii harudishi. Jirani akidai anaambiwa, pole, sufuria yako imefariki. Anakwenda kushtaki: sufuria inakufaje? Jibu: uliyekubali kwamba imezaa, kubali kwamba imekufa.

Ni kichekesho kikamilifu. Hakina neno la ziada, na kinakata kama wembe: anayepokea uzazi bila swali hana haki ya kushangaa kifo. Isome hivyo halafu ipeleke kwenye wodi ya watoto wachanga waliopasuliwa. Wembe ule unawageukia wasikilizaji. Kila mama pale amekubali kwamba sufuria imezaa.

Bibi aliisimulia jioni moja watu wameomba hadithi. Siku moja kabla, kitanda cha dirishani kilikuwa kimebaki kitupu. Sitasema zaidi juu ya kitanda hicho, wala juu ya mama aliyekunja kanga zake. Utani ulinyamaza siku ile nzima, hata Mngoni alikaa kimya ukutani. Kusini kwetu watani wana kazi zao msibani, na kunyamaza si mojawapo, lakini msiba una nyumba yake na watu wake, na mama yule alikuwa anaondoka kwenda kuuanza huko mbali. Kwa hiyo bibi alipoanza, "paukwa," nikasikia mgongo wangu umekaza. Hadithi gani jamani, leo?

Akafika sufuria imezaa. Jirani amepokea. Akanyamaza. Msichana mmoja, mama wa mara ya kwanza, hakuijua ngano hii, akauliza, halafu? Bibi akasema: "Halafu ikazaa tena." Ikazaa pacha. Sufuria zikajaa jikoni, zikajaa uani, jirani hana pa kulala, mkewe analala kwenye beseni, kila ikipikwa chai sufuria nyingine inashikwa uchungu. Jirani akaenda kwa Abunuwasi kulia: chukua, chukua zote! Abunuwasi akasema, mimi siazimi tena, nyumba yangu ndogo.

Kama ningepewa toleo hilo kwenye kitabu, ningelipa alama za chini. Halina mkato. Linaongeza chumvi pale ambapo ngano asilia ilitosheka na chembe. Hakuna anayepatikana na hatia, tamaa imegeuka adhabu ya mtu kujibana mwenyewe, na mwisho wake ni dhaifu. Lakini karibu wote pale waliujua mwisho wa kweli. Tulicheka sufuria zilizojaa uani huku tukiisikia ile nyingine, iliyokufa, inapita pembeni ya maneno bila kutajwa. Msichana yule peke yake ndiye aliyesikia hadithi moja. Sisi wengine tulisikia mbili kwa pamoja, na ya pili ilisimuliwa kwa kuachwa. Ni mbinu ngumu, na waandishi wengi wanaojaribu kuiandika hawaamini wasomaji wao vya kutosha, mwishowe hutaja.

Na hata pale wodini ilitajwa. Mama wa yule mtoto wa chafya, ambaye, tulikuja kujua, alishazika mmoja kabla ya huyu, alisema taratibu bila ubaya: "Bibi, hiyo sufuria mimi naijua. Ilikufa."

Kimya. Feni inazunguka. Nikasema moyoni, haya sasa.

Bibi hakubisha. "Ilikufa," alisema. "Na ile ndogo? Ilibaki kwa nani?"

Nimesoma ngano ile, nimeisikia, nimeifundisha, na swali hilo sijawahi kulikuta. Rudi uangalie. Abunuwasi alirudisha mbili. Aliyoazima tena ni kubwa. Iliyofariki ni kubwa. Sufuria ndogo ilibaki jikoni kwa jirani, nzima, na mpaka hadithi inakwisha hakuna aliyeichukua. Kila msimulizi anaiacha pale, kwa sababu kichekesho kimeshamalizana nayo. Kazi yake ilikuwa chambo tu. Ni ishara, kama wale watoto wa Kichwamaji. Bibi kizee asiyejua kusoma ameingia kwenye maandishi tuliyodhani tumeyamaliza, akamkuta mtoto ameachwa jikoni, akamtoa.

Yule mama akatafakari. "Ilibaki kwa jirani," akasema.

"Basi. Imo, inapikiwa uji."

Hapo mimi nikashtuka. "Ngoja kwanza, bibi. Yaani aliyekufa ni mama?"

"Ee. Mama sufuria."

"Sasa mama si mimi?"

"Mkwe wangu," bibi akasema kwa adabu kubwa, "umri umeenda. Mwanao nitamtunza mimi."

Sijui nani alianza kucheka, labda mimi. Mama wa mtoto wa chafya alicheka akiwa amejifunika kanga usoni, mabega yanatikisika, na kwa muda sikuwa na hakika kama bado ni kicheko. Mngoni akamsogelea akakaa naye kitanda kimoja. Hakuna aliyemwambia avumilie. Baadaye alifunua uso akamwambia bibi kwamba sufuria yenyewe ilikuwa ya udongo, ndiyo maana, na bibi akamjibu kwamba hicho basi ni chungu, mwenzangu umeharibu hadithi. Wakabishana hadi taa zikazimwa.

Tuliruhusiwa wiki iliyofuata. Mwanangu ana miezi kumi na moja, upasuaji wa pili umepita salama, na wa tatu unasubiri uzito wake. Lile boksi la glavu ninalo, maana Mngoni alinikabidhi kama hati. Madeni ya mtoto mpaka leo ni jogoo mmoja kwa Wangoni, doti moja ya kanga kwa bibi kwa ajili ya vigelegele vya alfajiri, na karanga, kiasi hakikuandikwa, kwa wilaya nzima ya Ruangwa.